Maabara Isiyovunja Kitu

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, umeegemea ukuta wa shule ya sekondari, ubavuni mwa kibanda cha fundi simu. Juu yake kuna madirisha matatu ya shule, ya juu juu, yenye nondo, ambayo hayajawahi kufungika vizuri tangu yalipowekwa. Hapo ndipo Katibu, karani mstaafu, hueleza dunia inavyokwenda, kila siku isipokuwa siku ya mvua. Hapo ndipo Waya, fundi simu mwenye kibanda, humpinga bila kuinua macho kwenye simu anayoichokonoa. Na hapo ndipo Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote kati yao, hutua jiko lake la mkaa na birika la kahawa, akawasikiliza kwa uso wa mtu aliyekwisha kusikia yote. Wa nne ni Chupa. Huyu ni mtunza maabara wa shule hiyo hiyo, mwaka wa ishirini na nne sasa, na kwa kawaida saa za kazi humpati kijiweni hata kwa dawa. Siku hiyo alifika kabla ya moto wa Shangazi kuwaka. Ilikuwa siku ya mtihani wa vitendo wa Kemia, kidato cha nne, na sheria inasema mtumishi mwenye mtoto anayefanya mtihani asikanyage chumba cha mtihani. Chupa alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, wa kike, na alikuwa humo ndani. Basi akaketi chini ya dirisha, kikombe mkononi, roho juu.

Kioo cha kwanza kilivunjika saa tatu na dakika kumi.

– Nini hiyo? akauliza Shangazi.

– Flaski, akasema Chupa bila kugeuka.

– Umejuaje?

– Ina tumbo. Chenye tumbo kinapasuka kwa kishindo. Ingekuwa pipeti, ule mrija mwembamba, ingelia kwa sauti nyembamba.

– Mtazameni huyu, akasema Katibu. Wenzake wanasikiliza redio, yeye anasikiliza vioo.

Wakacheka. Hata Chupa alicheka kidogo, maana kila mtihani wa vitendo una kioo kimoja cha kuvunjika, na afadhali kivunjike mapema watu watulie. Kikavunjika cha pili. Waya akasema huyo lazima ni mtoto wa fulani, ukoo mzima mikono yao ni ya kuombea tu. Wakacheka tena. Cha tatu na cha nne vikafuatana kama vimepeana zamu, na hapo Shangazi, aliyekuwa anammiminia Katibu, akasimamisha birika.

– Jamani, humo ndani kuna mtihani au ugomvi?

– Flaski tena, akasema Chupa. Zote mbili.

Na hakuna watu wepesi wa kujua sababu kama watu ambao hawamo chumbani. Katibu alikwisha kukunja nne, kidole juu, kile kidole alichokuwa akiwatishia nacho wenye mafaili miaka thelathini.

– Mimi nitawaambia, akasema. Vioo vya siku hizi ni vya kudanganyia. Unaagiza kioo, unaletewa sukari guru. Ukikigusa tu kimekwenda.

– Si vya siku hizi, akasema Chupa. Ni vyetu vile vya zamani, vinene. Nimevifungua mimi mwenyewe jana, nikaviosha, nikavipanga. Vilikuwa stoo.

– Basi vimeoza. Kitu kikikaa stoo kinaoza.

– Kioo hakiozi, Katibu.

– Wewe umewahi kukaa stoo?

Waya akacheka puani. Alikuwa ameshika simu iliyofunguliwa tumbo, na bisibisi ndogo sikioni kama kalamu ya mwenye duka.

– Tatizo si kioo, akasema. Tatizo ni umeme. Wale watoto wamevaa ile miwani miaka miwili. Mtu akivaa miwani ya umeme kichwani, umeme unashuka. Unapita shingoni, unapita begani, unafika vidoleni. Ukifika pale hauna pa kwenda, unakaa. Sasa kidole chenye umeme kitashikaje kioo kilicholowa?

– Umeme haukai vidoleni, akasema Katibu.

– Kati yako na mimi nani fundi?

– Wewe fundi wa simu.

– Na simu inashikwa na nini, na magoti?

Hiyo miwani waliyokuwa wakiisema, Katibu peke yake ndiye huiita kwa jina lake la barua, uhalisia pepe, na hulitamka taratibu kana kwamba ndiye aliyelibuni. Kila mtu mwingine husema miwani. Ilifika miaka miwili iliyopita, pea ishirini, kila moja kwenye kisanduku chake cheusi, zawadi ya wafadhili. Unaivaa, inakufunika macho yote, huoni chumba wala mwalimu. Unashika vishikio viwili vya plastiki, kimoja kila mkono, na mara uko ndani ya moyo wa mtu unaona damu inavyopita, au uko juu ya mwezi unadondosha mawe. Wafadhili walitaka chumba kimoja tu: kisicho na vumbi, kisicho na maji, chenye soketi nyingi. Shule nzima, chumba chenye soketi kila meza kilikuwa maabara.

Na isije ikasemwa kwamba miwani haikusaidia. Ilisaidia. Binti wa Chupa alikuwa hawezi hesabu za koni na tufe hata ungemfungia ndani. Jioni moja akarudi nyumbani macho yanang'aa, akasema, baba, leo nimetembea ndani ya koni, nimeigusa kwa ndani mpaka kwenye ncha. Toka siku hiyo hesabu hazikumshinda tena. Kemia ndiyo usiseme. Kila zoezi, skrini ya ukutani inaonyesha majina kwa mpangilio, na jina la juu lilikuwa la mtoto wa mtunza maabara. Yule mwenye duka la dawa aliyekuwa akimruhusu kusimama nyuma ya kaunta kusoma majina ya vidonge alimwambia waziwazi: ukitaka chuo cha ufamasia, niletee Kemia tu, mengine tutazungumza. Binti akaliandika neno Kemia kwenye karatasi, akalibandika juu ya kitanda chake. Chupa aliliona kila asubuhi akimwamsha.

Kioo cha tano. Cha sita.

– Sasa hapa pana mkono wa mtu, akasema Katibu, akashusha mguu. Msimamizi katoka shule gani?

– Ile ya kule mlimani, akasema Chupa.

– Ahaa. Mnaona? Ile ya mlimani haina miwani. Wana kijicho toka siku ile picha zetu zilipotoka gazetini. Wamemtuma mtu wao na mafuta. Anazunguka, anajifanya anakagua, kumbe anapaka flaski mafuta kwa kidole.

– Msimamizi ni mama mtu mzima, akasema Shangazi. Nimemuuzia kahawa asubuhi. Hana hata kipochi.

– Mafuta yanawekwa kwenye kipochi? Yanawekwa kwenye nywele.

– Katibu, kunywa kahawa yako.

– Mimi nasema ninachokijua. Nimefanya kazi ofisini miaka thelathini, nimeona watu wakipakwa mafuta mchana kweupe.

– Na yule aliyeifunga maabara, akasema Shangazi, naye alipakwa mafuta?

Shangazi ana tabia hiyo, ananyamaza nusu saa halafu anatupa neno katikati kama mtu anayemwaga maji ya vyombo bila kuangalia nani anapita.

– Maabara haikufungwa na mtu, akasema Katibu. Ilifungwa na mkutano.

– Mkutano ni nani?

– Mkutano ni mkutano.

Mkutano ulikuwa wao. Wazazi wote waliitwa, Jumapili moja, wakakaa kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa kidevu. Mkuu wa shule akaeleza, akasema yeye mwenyewe anasitasita. Mwalimu wa Kemia, kijana mpole ambaye baadaye alihamishwa, akaomba ziachwe walau meza mbili za zamani, zenye bomba na gesi. Watu wakamtazama kana kwamba ameomba waachiwe chawa wawili. Ndipo aliposimama Chupa, mtu ambaye hajawahi kusimama kwenye mkutano wowote. Akanyoosha mikono yote miwili watu waione. Akasema: mnanijua. Miaka ishirini na miwili nafagia vioo. Vidole hivi vimekatwa mpaka nimesahau mara ngapi. Kila mwisho wa muhula nasemwa mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyevunja. Maabara hii mpya haivunji kitu, haimwagi kitu, haichomi mtu. Watu wakapiga makofi mpaka mbwa wa mlinzi akabweka. Katibu aliunga mkono kwa maneno mengi. Waya alinyoosha mkono, Shangazi alinyoosha yote miwili. Kesho yake Chupa alifunga kila flaski na kila pipeti kwenye gazeti, akapanga kwenye maboksi, akapeleka stoo. Masinki yakafunikwa mbao. Zulia likatandikwa, na vyote hivyo havikuondolewa mpaka jana, kwa ajili ya mtihani.

Akafurahi, na hilo hakumficha mtu. Kazi yake ikawa kuichaji miwani asubuhi na kuifuta vumbi kwa kitambaa laini. Vidole vyake vikapona.

– Hata wewe ulinyoosha, Shangazi, akasema Waya. Mikono miwili, kama unatekwa.

– Nilinyoosha. Sikatai. Nilimsikiliza Chupa, nikasema mtu wa maabara akisema, mimi muuza kahawa nitasema nini.

Chupa alikitazama kikombe chake. Kahawa ilikuwa imepoa na hakuigusa.

Kikavunjika kingine, na safari hii ikasikika na sauti ya mtoto, kilio kifupi kilichokatwa katikati. Wote wanne wakainua vichwa. Chupa alisimama, akasikiliza, akakaa.

– Si yake, akasema. Sauti yake ningeijua.

– Vimekuwa vingapi? akauliza Waya.

– Saba.

– Hee. Umehesabu?

Chupa alikuwa anahesabu tangu cha kwanza, na kila kimoja alikuwa anamtoa binti yake: si huyu, si huyu. Watahiniwa walikuwa thelathini na wanane.

Waya akaweka simu chini. Jambo hilo peke yake liliwafanya wengine wamtazame, maana Waya haweki simu chini hata akizungumza na mkewe.

– Sikilizeni, akasema. Nimeelewa. Wale watoto wana meza mbili.

– Meza mbili zipi?

– Moja ya mbao, ya shule. Nyingine ya miwani. Sasa ukivaa miwani unaiona ya miwani. Ukiivua, unadhani imeondoka. Haiondoki. Inabaki kichwani. Na kila siku inapanda kidogo, kidogo, kama maji kwenye pipa. Miaka miwili imeshapanda mpaka hapa. Akaweka kiganja kifuani. Mtoto anatua flaski yake mezani vizuri kabisa, kwa adabu zote. Tatizo ni moja: ametua kwenye meza ipi?

Katibu alijipiga paja. Shangazi alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya khanga. Meza ya kichwani, akarudia Katibu, inapanda kama maji kwenye pipa, jamani huyu mtu anavuta nini. Waya mwenyewe alicheka, akaridhika, akaiokota simu yake. Ilikuwa bora kuliko umeme wa vidoleni na hata mafuta ya nyweleni hayakuifikia.

Chupa hakucheka.

Miwani ile aliivaa mara moja tu, siku ya kwanza, akashikwa na kizunguzungu, akaivua, hakuirudia. Lakini aliona watoto wakiitumia kila siku. Aliwaona wakibonyeza kitufe kwenye kishikio, hapo wameshika kitu. Wakiachia kitufe, wamekiacha. Na siku zote, baada ya kuachia, hawaangalii chini. Wanageukia kitu kingine, kisha wananyoosha mkono pale pale hewani, wanakichukua tena. Aliona mara mia, akiwa mlangoni na kitambaa chake, na hakuwaza lolote. Mwezi uliopita binti yake alikuwa anaosha vyombo nyumbani. Akainua sahani, akaiachia, akageuka kuchukua nyingine. Sahani ikapasuka sakafuni, na mtoto akabaki anatazama hewani, mahali ilipokuwa, si chini ilikoangukia. Chupa akamwambia, mama, mawazo yako wapi, na akachukua ufagio.

– Inakusubiri, akasema.

– Nini? akauliza Katibu, bado ana kicheko mdomoni.

– Flaski ya miwani. Ukiiachia haianguki. Inakaa hewani pale ulipoiachia, inakusubiri. Wametengeneza hivyo watoto wasisumbuke kuokotaokota. Hawajawahi kuona flaski inaanguka. Miaka miwili yote. Hawajui kama inaanguka.

– Kila mtu anajua kitu kinaanguka, akasema Katibu.

– Kichwa kinajua. Mkono haujui.

Kicheko cha Katibu kikaisha taratibu. Kikavunjika kingine. Hakuna aliyeuliza ni cha nini.

– Sasa si uwaambie? akasema Shangazi. Dirisha hilo hapo juu yako.

Chupa aliinua macho. Dirisha lilikuwa wazi, kama kawaida yake. Maneno yenyewe yalikuwa matatu: wekeni mezani kwanza. Hata kwa sauti ya kawaida yangefika. Akapanda juu ya benchi. Ubao ukalia. Akashika nondo kwa mkono mmoja, akajivuta, kidevu kikafika kizingitini. Aliona migongo, mashati meupe, mirija mirefu ya bureti imesimama mezani, na sakafu imetapakaa maji na vioo. Binti yake alikuwa safu ya tatu, amempa kisogo. Flaski yake ilikuwa mkononi, nzima. Alikuwa anaizungusha polepole chini ya bureti, tone kwa tone, kwa mkono mzuri ambao mtu yeyote wa maabara angeusifu.

Katibu alimshika shati kwa nyuma.

– Shuka, bwana.

– Maneno matatu tu.

– Ukisema hata moja, ni udanganyifu. Watafutiwa matokeo wote, shule nzima, na wewe utafungwa. Nimezipokea barua za namna hiyo mimi mwenyewe, nimezipiga muhuri. Hawaulizi ulisema nini. Wanauliza ulisema au hukusema.

– Bado anayo mkononi, Katibu. Naiona.

– Shuka, ndugu yangu. Nakuomba.

Hapo Katibu hakuwa anatania tena. Chupa alibaki ananing'inia. Aliangalia kisogo cha mwanawe, nywele zilizosukwa jana usiku mpaka mama yake akasinzia na kitana mkononi. Kisha yule mama msimamizi akageuka upande wa dirisha, na Chupa akaachia nondo. Alipofika chini akakaa vibaya, nusu kwenye benchi nusu kwenye tofali.

Hazikupita dakika tatu.

– Hiyo, akasema. Hiyo ndiyo.

– Huwezi kujua, akasema Waya.

– Safu ya tatu, karibu na ukuta. Ndiyo.

Hata nadharia ziliisha. Katibu alijaribu kuanzisha moja, kwamba pengine wasahihishaji huwa wanatoa alama za huruma, kwamba aliwahi kusikia, kwamba kuna fungu maalumu la watoto wa miwani wanalolipanga huko juu, wanafidiwa kimyakimya ili wafadhili wasione aibu. Alikwenda nayo kidogo, akaona inamwishia mdomoni, akaiacha. Waya alikuwa anakaza skrubu ile ile tangu Chupa aliposhuka dirishani. Shangazi alichukua kikombe cha Chupa, akamwaga kahawa iliyopoa, akammiminia ya moto, na Chupa akakishika kwa mikono miwili bila kunywa.

Kengele ililia saa tano na nusu. Watoto wakatoka langoni kwa makundi, na hawakuwa na kelele za watoto waliomaliza mtihani. Wengine walikuwa wamelowa mbele. Msichana mmoja alikuwa amefungwa kitambaa cheupe kidoleni na mwenzake alimbebea begi. Walipita mbele ya benchi kama watu wanaotoka kuzika.

Binti wa Chupa alitoka karibu wa mwisho. Alikuja moja kwa moja benchini.

– Shikamooni.

– Marahaba, mama, wakaitikia wote, kwa sauti ndogo.

Akakaa kati ya baba yake na Shangazi. Shangazi akamshika mkono, akaugeuza huku na huku kuona kama umekatika. Haukuwa umekatika.

– Nilikuwa najua kila kitu, akasema binti. Hakulia, alisema tu. Nilijua rangi itakwenda lini. Nilianza kufunga bureti kabla haijaisha, tone la mwisho likaisafisha kabisa. Nikainyanyua flaski niitazame kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa safi kama maji. Nikaiachia nishike kalamu.

– Ukaiachia wapi? akauliza Waya, ingawa alijua.

Binti alinyoosha mkono mbele yake, kifuani, pale hewani, vidole vikafunguka.

– Hapa.

Waya akageuza uso.

– Hawakukupa nyingine? akauliza Katibu.

– Za akiba zilikuwa tatu. Zilikwisha kabla yangu. Msimamizi akaandika, jaribio halikukamilika. Alikuwa analia yule mama. Akaniambia, mwanangu, mnafundishwa na nani?

– Utarudia mwakani, mama, akasema Chupa. Sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine. Mwaka si mwingi.

– Nitarudia kwa kutumia nini, baba? Miwani?

Barabarani alipita mtu anasukuma baiskeli yenye mzigo, akawasalimu, wakasahau kumwitikia. Binti alikuwa anaitazama mikono yake juu ya magoti, inavyolala, imetulia, haina kosa lolote.

– Nilipoishika mara ya kwanza nilishtuka, akasema. Nzito. Tena baridi. Ile ya miwani haina baridi. Nikafikiri, kumbe ndivyo ilivyo. Nilitaka kucheka.

– Kunywa kahawa kidogo, akasema Shangazi.

– Asante, Shangazi, sitaki.

Akamgeukia baba yake. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma Chupa, maana alikuwa amejiandaa kwa hasira.

– Baba.

– Naam, mama.

– Vile vioo vilikuwa stoo siku zote hizi?

– Vilikuwa stoo.

– Na wewe ndiye unayevitunza.

– Ndiye mimi.

– Sasa kwa nini hukunipa hata kimoja nikashike?

Katibu, ambaye hajawahi kukosa jibu la jambo lolote tangu astaafu, alitazama ncha za viatu vyake. Waya alikuwa ameinama kibandani anatafuta kitu ambacho hakikuwepo. Shangazi aliinua birika, akaliona jepesi, akalirudisha jikoni bila kusema kwamba kahawa imekwisha. Binti alisubiri, kwa adabu, macho usoni mwa baba yake.

Chupa alikitua kikombe chini. Jibu alikuwa nalo, tena fupi, na alilijua tangu siku ile anavifunga kwenye magazeti kimoja kimoja. Aliogopa asije akakivunja.